Zamu ya Asubuhi Bila King'ora

Simu ililia nikiwa nanyoa ndevu, na kwa umri huu simu za asubuhi sizipendi, kwa hiyo niliiacha ikakatika yenyewe. Ilipolia tena nikapokea huku povu likiwa bado shavuni. Aliyepiga hakujitambulisha. Ilikuwa sauti ya mwanamume, na nyuma yake nilisikia upepo wa ziwani. "Shikamoo mwalimu. Fundi ametutoka." Nikauliza fundi yupi, maana katika miaka hii ya karibuni nimeshamzika seremala na nimeshamzika fundi redio. Nadhani aliona swali langu ni la ajabu. "Fundi wa nyavu, mwalimu. Mama yetu wa hapa mwaloni. Amelala jana, leo hakuamka." Nikakaa ukingoni mwa kitanda na wembe mkononi. Wasomaji wa safu hii wa muda mrefu wanajua kwamba mimi si mwepesi wa kuandika tanzia, maana watu wengi wakifa huwa wema kuliko walivyokuwa, na mimi kusifu kwa mkumbo kunanishinda. Lakini huyu namfahamu tangu siku ambazo hakuna mtu angemwita fundi, hata kwa utani. Najua alivyolitafuta jina lile, na lilimgharimu nini. Nimeona nisipoandika leo nitakuwa nimemdhulumu.

Miaka ya tisini ilipokuwa ikianza nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimepanga chumba kimoja upande wa Buzuruga, na mlango wangu ulitazamana na mlango wake. Yeye na mume wake walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Mume alikuwa fundi mitambo, mtu mpole mwenye mikono isiyotoka grisi hata Jumapili, na mke alikuwa mfumaji. Kiwanda kile kilikuwa na king'ora juu ya paa, na kabla ya kila zamu kilikuwa kinalia hadi mabati ya nyumba zetu yanatetemeka. Usidhani kiliwahusu wafanyakazi peke yao. Mama ntilie walikuwa wakibandika uji kwa king'ora, mwalimu mkuu wetu alikuwa akirekebisha saa yake kwa king'ora, na akina mama walikuwa wakiwaamsha watoto kwa kuwaambia kimeshalia, hata kama hakijalia. Sisi wote, tuliokuwa na kazi kiwandani na tusiokuwa nayo, tulikuwa tumeazima mgongo wa kiwanda kile kuinukia kitandani. Sidhani kama kuna mtu mtaani kwetu aliyewahi kujiuliza kama ana bidii au hana. Mtu aliamka kwa sababu kimelia.

Kisha mambo yakabadilika. Mitumba ilifurika sokoni, marobota kwa marobota, na kitambaa cha kiwanda chetu kikawa kinabaki ghalani kikififia rangi. Mishahara ikaanza kuchelewa, zamu ya usiku ikafutwa, halafu ya jioni. Ikaja siku ambayo majina yalibandikwa getini, na jina la mume na jina la mke yote yalikuwemo. Tukajifunza maneno mapya mwaka ule: kupunguzwa, kubinafsishwa, mwekezaji. Asubuhi iliyofuata king'ora hakikulia. Nakumbuka nililala nikapitiliza, na nilipofika shuleni nilimkuta mwalimu mkuu ndiyo kwanza anafungua ofisi, macho yamevimba, na wanafunzi wamejaa uwanjani wanacheza kama siku ya sikukuu. Tulicheka siku ile. Kadiri wiki zilivyokwenda kicheko kilitutoka, maana wanaume waliopunguzwa walianza kukusanyika kwenye geti lililofungwa, wanakaa juu ya matofali, wanasubiri. Kila siku kulikuwa na habari mpya. Leo mwekezaji ameonekana hotelini, kesho mafundi wa zamani wataitwa kwanza. Mume wa jirani yangu alikuwa mmoja wa waliokaa pale. Hakuwa mlevi wala mvivu. Alikuwa anasubiri kuitwa kwa uaminifu uleule aliokuwa nao kazini, na kwa kweli ndicho kilichonihuzunisha.

Mke hakukaa getini. Asubuhi moja, saa ileile ambayo zamu ya kwanza ilikuwa ikiingia, nilimwona anatoka amevaa koti lake la kazi, lile la bluu lenye mfuko mmoja kifuani, kilemba kimefungwa barabara, chakula mkononi ndani ya kibebeo cha bati. Nikadhani kiwanda kimefunguliwa. Akapita njia ya getini bila kugeuza shingo, akashika njia ya mkato inayopenya kati ya mawe kuelekea ziwani. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Mtaa ukaanza kunong'ona. Wapo waliosema amechanganyikiwa kwa mawazo, na jirani mmoja alimshauri mume wake ampeleke kwenye maombi. Siku moja jioni, tukiwa wote tunasubiri zamu ya kuchota maji bombani, nikaona nimuulize mwenyewe. "Dada, hivi unakwendaga wapi na hilo koti?" Akacheka. "Kazini." "Kazi gani tena, na kiwanda kimefungwa?" "Kiwanda ndiyo kimefungwa, mwalimu. Mimi sijafungwa." Halafu akasogea karibu, akateremsha sauti, akaniambia anakwenda mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, kujifunza kushona nyavu. "Miaka yote nimefuma kitambaa, sijawahi kuitwa fundi. Mume wangu anaitwa fundi kwa sababu anashika spana. Mimi naitwa mfumaji, basi. Nataka nyavu za mwalo ule zipite kwenye mikono yangu, na kabla sijafa kuna mtu aniite fundi."

Lazima nieleze kwa nini maneno yale yalinifanya nimtazame mara mbili. Biashara ya sangara ilikuwa imewaka moto, viwanda vya minofu vilikuwa vinajengwa ufukweni, na nyavu zilikuwa zinararuka kila siku kuliko zilivyoweza kutengenezwa. Kazi ilikuwepo, tena ya kumwaga. Lakini kwenye mialo mingi ya kwetu wanawake walikuwa na mahali pao. Walinunua dagaa, walianika, walikaanga mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kuondoka. Wavu na mtumbwi vilikuwa mwiko. Mwanamke akiruka wavu uliotandazwa, mabaharia, ndio wavuvi wa mtumbwini, waliuhesabu umeshaingia mkosi na wengine hawakukubali kuingia nao majini mpaka mkosi utolewe. Yeye mwenyewe alizaliwa kwenye familia ya wavuvi upande wa Mara, kwa hiyo hakuwa mgeni wa mambo hayo. Alijua anakokwenda, na akaenda amevaa koti la kiwanda.

Mwaloni pale palikuwa na mshonaji nyavu mmoja, mzee Mkerewe mwenye hasira za karibu. Vijana wote aliowahi kuwafundisha walikuwa wamemkimbia kwenda kuvua, ambako pesa ilionekana haraka zaidi, na macho yake yalikuwa yameanza kumsaliti. Alimfukuza jirani yangu siku ya kwanza, akamfukuza siku ya pili. Siku zilizofuata alichoka kumfukuza. Jirani yangu alichagua jiwe nje kabisa ya mahali mitumbwi inapovutwa, akakaa hapo na kipande cha wavu kilichotupwa, akawa anajaribu kufuata kwa macho jinsi mzee anavyopitisha sindano ya mti. Mabaharia walipita wakimtania, wengine kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Aliniambia baadaye kwamba mzee ndiye aliyekuja kwenye jiwe, tena akiwa na hasira. Alikuwa ameona mikono ya mama huyu inavyofunga fundo. "Nani kakuonyesha hili?" "Hakuna, baba. Ni fundo la kiwandani. Uzi ukikatika kwenye mashine ndivyo tunavyounga." Mzee akalifungua, akalitazama, akalifunga mwenyewe. Lilikuwa fundo lilelile analofunga yeye kwenye nyavu tangu ujana wake. Akaenda zake, lakini siku iliyofuata alimtupia kipande kikubwa zaidi, chenye tundu ambalo mtoto angeweza kupita. Jirani yangu alinisimulia habari hiyo akiwa amesimama mlangoni kwangu na koti lake mwilini, na furaha aliyokuwa nayo ilinifanya nisahau kumkaribisha ndani.

Hapo ndipo ningependa hadithi iishie kama mimi ningekuwa mtunga hadithi za kutia watu moyo, na safu ya leo ingekuwa fupi. Haikuishia hapo. Mzee alipougua, tajiri mmoja wa pale mwaloni, ndivyo tunavyowaita wenye mitumbwi, alibanwa na kazi akampa jirani yangu wavu mzima autengeneze. Aliushona kwa moyo wake wote. Nahodha na mabaharia wakaondoka nao, na walipovuta asubuhi wakakuta sehemu yote aliyoishona imefunguka, mafundo yameachia moja baada ya jingine, na samaki wa usiku mzima wamepita kwenye tundu lilelile la zamani. Hebu fikiria walivyorudi. Hakuna aliyetazama mafundo. Walikuwa na maelezo tayari tangu siku ya kwanza alipokaa kwenye jiwe. Tajiri alimsubiri ufukweni mbele ya watu wote. "Mama, mimi nilikuwa na huruma, lakini mkosi siuwezi. Kuanzia leo usikanyage hapa kwenye nyavu. Kauze mapanki kama wenzako." Mzee, aliyekuwa amejikongoja kuja kuona, alitema mate chini akarudi kulala. Jirani yangu alichukua kibebeo chake akatembea kurudi nyumbani, mwendo wa zaidi ya saa moja, na alipofika hakumwambia mume wake chochote. Mume naye alikuwa na habari yake: kesho mwekezaji anakuja.

Mimi niliyajua kwa sababu alikuja kwangu kuazima karai. Macho yalikuwa mekundu na sikuthubutu kuuliza. Alijaza maji, akatumbukiza kipande cha wavu alichokuwa amekishona mwenyewe, akakiweka jiwe juu. Kulipopambazuka nilitoka kwenda kunawa nikamkuta amekaa chini uani, miguu imekanyaga upande mmoja wa kile kipande, mikono inavuta upande mwingine, na anatazama fundo kwa karibu kabisa. Nikaliona nami. Nailoni iliyolowa iliteleza polepole, mkia mfupi wa uzi ukamezwa, na fundo likafunguka mbele yetu. Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, kisha kikarudi kuwa kicheko. "Mwalimu, unaona nilichofanya? Nimeshona kitambaa!" Akanieleza. Kiwandani fundo zuri ni lile lisiloonekana. Uzi ukikatika unaunga, unabana, halafu unakata mikia yote miwili karibu kabisa, ili fundo lipite kwenye mashine bila kukwama na mnunuzi asijue kwamba pale paliwahi kukatika. Msimamizi alikuwa akipita na kidole kwenye kitambaa, akihisi fundo tu anakukaripia. Mikono yake ilikuwa imefundishwa hivyo kwa miaka mingi, na ilipofika kwenye nyavu ikaendelea kukata mikia mifupi na kuona fahari. Mzee hakumwambia kwa sababu macho yake hayakuona, au kwa sababu hakudhani kuna mtu duniani anayehitaji kuambiwa. Wavu unataka mkia mrefu. Maji yakivuta, ule mkia ndio unaozuia fundo lisiachie.

Sasa alikuwa anajua kosa lake, ila hakuwa na wa kumwambia. Angesema nini? Wavuvi walishaamua kwamba ni mkosi, na aliyeleta mkosi hasikilizwi akianza kueleza habari za mikia ya uzi. Na katika hali kama hiyo wengi wetu tungebaki nyumbani tukiwa na haki yetu, tukisimulia majirani jinsi tulivyoonewa. Yeye alitazama jua, akasema amechelewa, akaingia ndani kuvaa koti. Nilimsindikiza hadi kwenye mawe. Nikamuuliza kama haogopi. "Naogopa," akasema. Alipofika hakukanyaga kwenye nyavu, maana alikuwa amekatazwa. Alirudi kwenye jiwe lake la nje, akashona kipande chakavu kwa mafundo yenye mikia, akakifunga kwenye mti uliochomekwa majini pale kwenye maji ya kina kifupi, mahali ambapo kila baharia lazima apite akisukuma mtumbwi. Akakiacha hapo mawimbi yakipige. Akakaa. Kesho yake akaja, akakaa tena. Pembeni yake akafunga kingine cha mafundo ya kiwandani, na hicho kilifunguka mapema sana mbele ya macho ya watu. Cha mikia kilibaki. Walipita wakikitazama, mwanzoni wakicheka, kisha mmoja mmoja akaanza kukivuta kwa mkono akidhani hakuna anayemwona. Msimu ukaendelea, nyavu zikazidi kuraruka, mzee akazidi kudhoofika. Hatimaye yule nahodha aliyepoteza samaki wake ndiye aliyemletea wavu. Hakumwomba radhi. Aliutupa karibu na jiwe akasema, "Mama, hebu na huu uuachie mikia." Ulirudi mzima.

Nimesimulia habari hii mara nyingi, na karibu kila mara kuna kijana ananiambia, "Mwalimu, huyo mama alikuwa na moyo wa ajabu. Mimi sina motisha." Siku hizi motisha inauzwa. Watu wanalipa kiingilio wakae ukumbini waambiwe kwamba wanaweza, wanapiga makofi, wanatoka wamechangamka, na Jumatatu wanaamka walivyokuwa. Siwabezi. Nasema tu kwamba nilimuuliza jirani yangu jambo hilohilo na jibu lake halifanani na yale ya ukumbini. Nilimuuliza anapata wapi hamu ya kuamka kila siku na kwenda mahali anapotukanwa. Akanishangaa. "Hamu? Mwalimu, mimi asubuhi sitaki. Hakuna siku nimeamka nikataka. Ndiyo maana koti nalitundika nyuma ya mlango. Ili nitoke nje kwenda chooni lazima niliguse. Nikishaligusa nalivaa, nikishalivaa naona aibu kurudi kulala nalo." Ndivyo alivyokuwa. Hakuwa na moyo wa chuma, na alijua hana, kwa hiyo akajipangia nyumba yake mwenyewe kwa namna ambayo udhaifu wake usingepata pa kupita. King'ora kilipokufa alitengeneza kingine kwa koti na msumari.

Lakini nisimgeuze kuwa fimbo ya kuwachapia wengine, maana angekasirika. Mtaani kwetu palikuwa na mama mwingine aliyepunguzwa siku ileile, mwenye bidii pengine kumzidi, aliyekuwa akiamka kukanda unga wa maandazi kabla jogoo hajawaza kuwika. Maandazi hayakumtoa, kwa sababu nusu ya waliopunguzwa walikuwa wanakaanga maandazi na hakukuwa na wa kuyanunua. Hakukosa nidhamu yule. Na wale wanaume wa getini hawakuwa wazembe. Tulikuwa tumelelewa kwamba kazi ni kitu unachopangiwa, unaitwa, unapigiwa king'ora, na siku moja tukaambiwa kila mtu ajipigie chake. Hakuna aliyetufundisha jinsi ya kufanya hivyo. Ninachosema ni kidogo zaidi: katika yale machache yaliyobaki mikononi mwetu, asubuhi ilikuwa mojawapo, na huyu mama hakuiachia.

Wala hakumsema mume wake. Hilo ndilo lililonishinda kuelewa, maana mimi na kuta zetu za tofali tulisikia ugomvi wa kila nyumba isipokuwa ya kwao. Mume aliendelea kwenda getini, muda mrefu sana, hata wenzake walipoanza kupungua. Kila Jumamosi mke alifua koti lake, na pamoja nalo alifua ovaroli ya mume ambayo haikuwa imechafuka, akazianika kwenye kamba moja, akazipiga pasi, akazitundika nyuma ya mlango, koti kwenye msumari mmoja na ovaroli kwenye msumari wa pili. Wiki hadi wiki niliiona ile ovaroli safi ikipepea uani nikamhurumia yule baba kuliko ningemhurumia akitukanwa. Asubuhi moja nilipofungua mlango niliwaona wawili wanakata njia ya mawe, mmoja wa bluu, mwingine wa kijivu, mke mbele, mume nyuma kidogo. Yule baba akawa mtengenezaji wa mashine za mitumbwi pale mwaloni, naye akapata wateja kuliko alivyoweza kuhudumia. Baadaye walinunua kiwanja Buswelu wakajenga kwa pesa za mwalo ule, na mara ya kwanza niliposikia baharia akipaza sauti ufukweni, "Fundi! Fundi!", waligeuka wote wawili. Baharia akasema, "Siyo wewe baba. Namwita mama." Mama aliniangalia mimi, siyo yule baharia. Sikuwahi kumwona akiwa mzuri kama siku ile.

Nimetoka kumzika. Mwalo ule una desturi kwamba mwenzao akifa mitumbwi haiingii majini mpaka azikwe, na ziwa upande ule lilikuwa tupu kabisa siku hiyo. Walikuja wote Buswelu, mabaharia, matajiri, wanawake wa mapanki, wakashika majembe ya kaburi wenyewe na kukataa kupokewa. Mzee Mkerewe alishatangulia miaka mingi. Mimi nililala msibani, uani, pamoja na wanaume wengine, kama inavyotakiwa. Alfajiri ndugu wa marehemu walikuwa wakichochea moto wa chai niliposikia mlango unafunguliwa, akatoka mume. Alikuwa amevaa ovaroli. Shemeji yake akainuka, kwa upole, akamshika mkono. "Shemeji, msiba haujaanuliwa. Kaa, watu watakuja kukupa pole." "Najua." "Sasa unakwenda wapi?" "Kuna wavu wa watu ameuacha nusu," akasema. "Sindano iko humohumo." Nyuma yake, mlango ukiwa wazi, niliona misumari miwili, mmoja mtupu na mwingine una koti la bluu.

Nikajifunga shuka langu nikamfuata. Tulitembea, yeye mbele, mimi nyuma na magoti yangu ya uzee, tukashuka hadi ufukweni jua likiwa linachomoza. Wavu ulikuwa palepale, umefunikwa turubai. Alikaa kwenye jiwe la mke wake, akaufungua, akaitafuta ile sindano mpaka akaiona. Yeye ni fundi wa mashine, nyavu alizijua kwa kutazama tu. Nikamuuliza kama hangependa kupumzika kwanza, hata wiki hii tu, watu wangemwelewa. "Sitaki kabisa kuwa hapa, mwalimu," akasema, na machozi yakamtoka bila kuyaficha. "Ila zamu imefika." Akafunga fundo, akalibana kwa meno, akaacha mkia mrefu. Kisha akatafuta jicho la wavu linalofuata.